Fomu Iliyomkataa Mutheu

Siku niliyokabidhi funguo za ofisi, vijana waliochukua nafasi yangu waliniomba niwaachie maelezo ya mfumo wa wanachama. Nimewaachia. Ni kurasa nyingi, zimepangwa vizuri, na najua hakuna atakayezisoma, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kusoma za waliotangulia. Kwa hiyo haya ninayoyaandika hapa ni yale ambayo hayakuingia katika maelezo. Vyeo sitavitaja. Nilikuwa na kimoja tu, kikabadilishwa jina mara kadhaa bila kazi yenyewe kusogea hata inchi.

Niliingia ofisi ya ushirika wetu wa kahawa, huku upande wa Tala, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulioniajiri. Meneja wa wakati ule aliniambia niandike jina lake kwenye karatasi, akalitazama kama mtu anayejiona kwenye kioo, akasema nianze kesho yake. Nilianza kwa kunakili kadi za wanachama. Kila mwanachama alikuwa na kadi ya karatasi ngumu: juu jina lake, chini watu wa nyumbani kwake, nyuma mashamba yake. Lile lisilokuwa na mahali pake liliandikwa pembeni. "Huyu ni shangazi, anakaa hapa tangu ukame." "Huyu si mtoto wao lakini ni mtoto wao." Mimi, msomi wa kidato cha nne, niliona maandishi hayo ya pembeni ni uchafu, na kila niliponakili kadi mpya niliyaacha nje.

Kompyuta ya kwanza ililetwa na wafadhili. Walipiga picha nayo, wakaondoka, nasi tukaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile cha kufunikia makochi, juu yake tukaweka chombo cha maua ya plastiki. Meneja alisema vumbi la Tala linaua kompyuta. Hiyo yetu ilikufa bila kuliona.

Ya pili niliigusa. Nikajifunza kupiga chapa, kisha kupanga majedwali, na miaka ilivyokwenda nikawa yule mtu ambaye kila ofisi huwa naye, anayeitwa "mtu wa kompyuta" kwa sababu wengine wote wameapa kutoijua. Kamati iliposikia kwamba vyama vingine vina mfumo wa tovuti, ambapo karani akiwa kiwandani anamsajili mwanachama na ofisini wanamwona papo hapo, iliamua nasi tuwe nao. Mtaalamu wa Nairobi alikuja, akatuonyesha michoro ya rangi, akataja bei. Kamati ikageuka, ikanitazama mimi.

Aliyeniokoa ni Mwende. Alikuwa na duka la kompyuta sokoni Tala, limebanwa kati ya muuza mitumba na muuza misumari. Kwa umri angeweza kuwa binti yangu, lakini kazini alikuwa mwalimu wangu, na mwalimu mkali. Nilipofanya vizuri aliniita "Mzee Mutisya." Nilipokaribia kuharibu aliniita "Baba," kwa upole kabisa. Nilijifunza kuuogopa upole huo.

Alinifundisha kutumia kiunzi, yaani ile mifupa ya tovuti ambayo watu wengine wameshaijenga, wewe unaweka nyama. Kiunzi kinakuondolea kazi nyingi, na kwa hiyo kinakupa nafasi ya kufanya makosa yako mwenyewe badala ya makosa ya kila mtu. Kazi yetu ilikuwa kuunganisha majedwali mawili. La kwanza ni la wanachama. La pili ni la watu wa nyumbani, na kila safu ndani yake lazima ibebe namba ya mwanachama anayetegemewa. Karani anaviona vyote katika ukurasa mmoja: fomu mama juu, na chini yake fomu ndogo ndogo, moja kwa kila mtu wa nyumbani. Anabofya kitufe kimoja, vyote vinahifadhiwa. Ukisikia hivyo unafikiri ni kazi rahisi. Hata mimi nilifikiri.

Mara ya kwanza nilipobofya, kila kitu kilikataa.

"Baba," akasema Mwende, "umehifadhi watoto kabla ya mama."

"Kuna tofauti gani? Si wote wanaingia?"

"Mtoto atabebwa na mgongo gani, kama mama hajafika?"

Mama kwanza apate namba, ndipo watoto waipokee. Niliandika hilo ukutani kwa kalamu nyeusi na bado lipo, vijana, msilipake rangi. Kisha kuna kile kisanduku kilichofichwa ndani ya ukurasa, ambacho kinaieleza sava, yaani kompyuta inayopokea taarifa, ni fomu ndogo ngapi zinakuja. Nilikiona, nikajiuliza faida yake ni nini, nikakifuta ili ukurasa uwe safi. Mfumo mzima ukagoma. Nililaumu umeme, nikalaumu mtandao, nikalaumu hata panya waliokuwa darini. Mwende alikuja na soda yake mkononi, akatazama, akakirudisha, akaondoka. Hakuniita hata Baba.

Kasyoka, karani wetu wa kiwandani, alinifundisha mengine. Kiunzi kile huongeza safu tupu chini ya fomu, ili karani awe na mahali pa kuongezea watu; asipozigusa, zinapuuzwa. Hilo sikumwambia. Kasyoka ni mwanamke wa heshima, aliyelelewa kwamba ukipewa sahani huirudishi tupu. Akazijaza zote. Kwa muda fulani kila mwanachama wetu alikuwa na wategemezi wasiopungua watatu, hata wale wanaoishi peke yao. Kijana mmoja mseja aliandikiwa hivi: jina, Simba, uhusiano, ndugu. Nilipomuuliza Kasyoka huyo Simba ni nani, alijibu bila kupepesa jicho, "Ni mbwa. Lakini wanapendana."

Nilipaswa kucheka, nimweleze, na mambo yaishe. Badala yake niliudhika. Niliapa kwamba fomu yangu itakuwa na adabu. Mahali pa uhusiano nikaondoa nafasi ya kuandika, nikaweka orodha ya kuchagua: mke, mume, mtoto, mzazi, ndugu, mfanyakazi. Mfanyakazi nilimweka kwa sababu baadhi ya wanachama huishi na vibarua wa kuchuma. Kisha nikaongeza ukaguzi ambao nilijivunia kuliko watoto wangu wa kuzaa. Kukagua safu ya mtoto peke yake ni kazi ya anayeanza. Ufundi ni kuikagua huku ukimtazama na mama yake: kama mwanachama ni mwanamume, anaweza kuwa na mke, kama ni mwanamke, anaweza kuwa na mume. Kinyume cha hapo, maandishi mekundu.

Nilimwonyesha Mwende kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maziwa.

"Umeuliza wanachama?" akasema.

"Niwaulize nini? Mke ni mke."

"Baba." Akaiweka soda chini. "Kwetu Kivaa kuna nyumba ambazo mama ndiye ameoa. Na huku pia ziko."

"Najua. Hayo ni mambo ya zamani."

"Ya zamani kwa nani?"

Kwa msomaji asiyetoka kwetu nieleze: kwa Wakamba, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kuendeleza nyumba yake anaweza kuoa mwanamke mwingine. Mbuzi hupelekwa, wazee hukaa, na yule anayeolewa huitwa iweto. Watoto anaowazaa ni wa nyumba ile, na wanarithi kama watoto wengine wote. Sikuwa mgeni wa jambo hilo. Nyanya yangu alikuwa na iweto, na mikono ya huyo iweto ndiyo iliyonipikia uji kabla sijaenda shule. Lakini nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, nimevaa tai, na nilitaka mfumo ambao mgeni wa Nairobi akiufungua asicheke. Mgeni huyo hakuja kamwe. Nilimwonea haya mtu ambaye hayupo.

Ndipo akaja Kalunde. Alikuwa mjane mzee, kofia ya sufu, mkongojo, na shamba la kahawa lililotunzwa kuliko mashamba ya wajumbe wa kamati. Siku ya kusajili upya aliingia na Mutheu, iweto wake, mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni na wengine wawili wakimshika sketi. Kasyoka alikuwa kaunta, mimi nyuma yake na shughuli zangu muhimu ambazo leo siwezi kukumbuka hata moja.

"Huyu jina ni nani?" Kasyoka akauliza.

"Mutheu."

"Na ni nani yako, mwaitu?" akaongeza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Bibi yangu," akasema Kalunde, kama mtu anayeulizwa kama jua limechomoza.

Kasyoka hakushtuka, naye ni Mkamba. Akachagua "mke," akabofya. Akabofya tena.

"Mzee Mutisya, imekataa."

"Imekataa nini?"

"Imekataa mke."

"Basi chagua ingine."

"Ingine gani?"

"Yoyote, mradi ipite. Si unaona laini ni ndefu?"

Kalunde akainua uso. "Nini imekataa?"

"Ni mtandao, mwaitu," akasema Kasyoka.

Katika nchi hii mtandao umebeba dhambi ambazo hata punda angezikataa. Kasyoka akachagua "mfanyakazi," fomu ikapita, maandishi ya kijani yakatokea. Watoto hakuwaandika kabisa. Kama mama yao ni kibarua, wao wangeingia safu gani? Kalunde alishukuru. Alitushukuru sote wawili, kwa jina.

Alipofariki, ushirika ulipeleka wajumbe kwenye mazishi. Nilikaa viti vya mbele nikala vizuri. Baada ya muda alikuja ofisini Musyoki, mtoto wa kaka ya mume wa marehemu, mwenye nyumba za kupangisha kule Mlolongo. Hakuwahi kuonekana kiwandani na debe la kahawa, lakini viatu vyake viling'aa kuliko taa ya dari. Alisema yeye ndiye mwanamume wa karibu aliyebaki katika ukoo, na aliomba karatasi ya mwanachama inayoonyesha watu wa nyumbani. Nikaitoa kwenye printa, nikaipiga muhuri. Mimi hupiga muhuri kwa nguvu, watu wa ofisi walikuwa wakinitania kwamba naua mende. Sikuisoma.

Musyoki aliisoma. Alikwenda nayo hadi kwa Mutheu, akamsomea mlangoni kwake, akamwambia amalize kuchuma yaliyoiva kisha atafute pa kwenda, maana mwajiri wake amekufa.

Vijana, nieleze kilichokuwa hatarini, maana nyinyi mnaona safu tu. Ushirika hauna mamlaka juu ya ardhi. Lakini anayeandikwa kurithi namba ya uanachama ndiye anayepeleka kahawa kiwandani, na anayepeleka kahawa ndiye watu wanaomwona shambani, na kesi ya ardhi ikifika mbele ya wazee wanauliza, nani analima? Mutheu akiondolewa kwenye ile namba, angeondolewa kwenye nyumba, yeye na watoto wote watatu. Hakuwa na kwao pa kurudi. Wazazi wake walishazikwa, na mbuzi wa ndoa yake walishaliwa zamani.

Alikuja ofisini peke yake. Hakuketi.

"Wewe ndiye Mutisya wa mashine?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Nimeambiwa mashine yako inasema mimi ni mfanyakazi."

Nikaanza kumweleza. Nilisema kuna jedwali mama na jedwali la wategemezi, kwamba uhusiano huchaguliwa katika orodha, kwamba kuna ukaguzi. Niliongea kama yule mtaalamu wa Nairobi, ila bila michoro ya rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mfanyakazi hulipwa," akasema. "Nimepika kwa ile nyumba, nimelima, nimezaa, nimemwosha yule mama mpaka siku alikufa. Sasa niambie, huo mshahara mlikuwa mnaniwekea wapi?"

Nilisema nitaangalia. Hilo ndilo neno letu sisi watu wa ofisi tunapotaka mtu aondoke. Akaondoka.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la mwizi. Nilifungua hifadhidata moja kwa moja, nikaitafuta safu yake. Kubadilisha neno moja kulihitaji sekunde chache na hakuna ambaye angejua. Nikampigia Mwende kwanza, nadhani kwa sababu nilitaka kusifiwa.

"Baba," akasema. "Musyoki ako na karatasi iko na muhuri wako. Ukibadilisha sasa, atasema huyo mama amekuhonga. Na watu wataamini."

"Sasa nifanye nini?"

"Uende useme."

"Niseme nini?"

"Ile ulifanya."

Kamati ilikaa pale kiwandani, kwenye ukumbi wenye harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha. Wanachama walijaa, kwa kuwa hakuna mkutano unaojaza watu kama ule wa kumwona jirani akifukuzwa au akiokolewa. Musyoki alisimama wa kwanza. Alizungumza vizuri, hilo nampa. Alisema hana ugomvi na mama huyu, anamheshimu kama mfanyakazi yeyote mwaminifu, lakini kumbukumbu ni kumbukumbu. Akaiinua karatasi.

"Mimi sijaandika hii. Hata mwenyekiti hajaandika. Ni kompyuta. Na kompyuta haina shangazi, haina mjomba. Haidanganyi."

Watu walinong'ona. Mzee mmoja alitikisa kichwa kukubali, kompyuta imesema. Nilishangaa kuona heshima ambayo mashine yangu ilikuwa nayo. Mimi niliyeitengeneza sikuwahi kuheshimiwa hivyo.

Nikaomba nafasi. Nilikuja na kompyuta ya kubeba mikononi, nikaiweka mbele ya mwenyekiti, nikafungua fomu ya majaribio yenye jina la mwanachama mwanamke. Nikamwambia amwandikie mke.

"Mimi?" akasema mwenyekiti. "Mimi nitaharibu."

"Huwezi kuharibu kuliko mimi. Chagua hapo, 'mke.' Sasa bofya."

Akabofya kwa kidole kimoja, kwa tahadhari ya mtu anayegusa sufuria ya moto. Maandishi mekundu yakatokea. Aliyasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma Injili: "Uhusiano huu hauruhusiwi kwa mwanachama wa kike."

Bibi mmoja kutoka nyuma, ambaye sikumjua na bado simjui, akauliza, "Nani hajaruhusu?"

Watu wakacheka. Walidhani ni utani. Bibi yule hakucheka.

"Nimeuliza. Nani hajaruhusu? Serikali?"

"Hapana, mwaitu," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtaja baba yangu. Akamtaja nyanya yangu, kisha akamtaja kwa jina yule iweto wa nyanya yangu, mbele ya ukumbi mzima, na akaketi. Sijawahi kupigwa kofi kwa ustadi kama ule.

Niliwaeleza basi. Nikasema Kalunde alitamka "bibi yangu" mbele ya kaunta, nilisikia kwa masikio haya, fomu ikakataa kwa sababu niliifundisha kukataa, nami nikamwambia karani achague lolote. Kasyoka alisimama bila kuitwa, akasema ni kweli, na kwamba yeye ndiye aliyesingizia mtandao. Mwenyekiti akauliza kama kuna aliyeshuhudia ndoa yenyewe.

"Ntheo ilipelekwa?" akauliza, yaani wale mbuzi ambao kwetu bila wao hakuna ndoa.

Mzee mmoja kutoka kijiji cha akina Mutheu akainuka kwa shida. "Ilipelekwa. Mimi nilikula. Hata huyu," akamnyooshea Musyoki mkongojo, "baba yake alikuwa hapo, na alikula kuliko mimi."

Kicheko kile hakikuwa na huruma. Musyoki alikunja karatasi yake, lakini kabla ya kukaa alisema jambo ambalo bado linaniuma, kwa sababu lilitoka kwenye mdomo usiostahili na lilikuwa kweli: "Haya. Kama imedanganya kwa huyu, imedanganya kwa wangapi?"

Kamati iliamua kwamba namba ya Kalunde ni ya Mutheu na watoto wake, karatasi yenye muhuri wangu ikafutwa, na watu wakatoka nje kuzungumzia mvua.

Nilirudi ofisini nikawatafuta wote walioandikwa "mfanyakazi," au uhusiano wowote wa kutilia shaka, chini ya mwanachama mwanamke. Hawakuwa wengi, lakini hata mmoja angekuwa wengi. Nilikwenda kwao nyumba kwa nyumba, na Kasyoka akanisindikiza kwa kuwa alisema mimi peke yangu ningeuliza vibaya. Wengine walikuwa vibarua kweli, wakanitazama kama mwendawazimu. Wengine walikuwa maiweto, na mmoja alikuwa ameandikwa "mzazi" wa mwanamke anayemzidi umri, kwa sababu siku hiyo Kasyoka alichoka na nyekundu. Nyumba moja tuliikuta imefungwa kwa kufuli geni. Jirani alisema mwenye nyumba alifariki msimu uliopita, na yule iweto wake aliambiwa aende, akaenda, maana hata kwa ushirika hakuwa ameandikwa mke. Hakugombana na mtu. Nilimtafuta kupitia watu wa soko, nikamtafuta hata Mlolongo nilikosikia anafua nguo. Sikumpata. Katika hifadhidata safu yake bado ipo, na naomba isifutwe hata kama mwanachama wake amewekwa alama ya marehemu. Ukifuta mama, kiunzi kinafuta watoto bila kukuuliza. Mmeonywa.

Ule ukaguzi niliojivunia niliutoa. Mahali pa orodha nikarudisha nafasi ya kuandika. Mwende aliutazama msimbo wa programu uliobaki, ukiwa umepungua karibu nusu, akasema, "Mzee Mutisya," akanywa soda yake.

Mutheu hakuja kusahihishiwa safu yake hadi mavuno yalipokwisha. Alikuwa na kahawa ya kuchuma. Siku aliyokuja aliketi kwenye kiti cha mgeni, watoto wake wamepanga mstari ukutani wameoga. Nilimwandika mwenyewe, si Kasyoka. Nikaandika jina lake, nikaandika uhusiano kama alivyoutamka, nikawaandika watoto mmoja baada ya mwingine na safu zao. Nikabofya. Kijani.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekubali, mama. Nisamehe kwa kukuchelewesha."

Akasimama, akamfunga mdogo wao mgongoni, akavuta leso ikakaza.

"Mimi sijachelewa," akasema. "Nilikubaliwa siku zile mbuzi zilifika kwetu. Ni wewe umefika leo."